Mgomba Chini ya Boneti

Jumatatu, 21 Oktoba. Kitendaguro.

Wenzangu wa mapambano! Ninyi mliobaki madarasani na ninyi mliorudishwa makwenu pamoja nami: nawasalimu kutoka Kitendaguro, ambako mvua inapiga bati kama makofi ya ukumbi mzima!

Barua ya chuo inasema kwamba mimi, Kemilembe Rutaihwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi mitambo, sitahutubia mkusanyiko wowote hadi Februari. Haikutaja daftari. Basi hili ndilo jukwaa langu, nanyi ndio umati wangu. Tulieni niwaeleze vita mpya niliyoikuta nyumbani.

Mama yangu, Penina, ni mwenyekiti wa kikundi cha Mkono wa Mama: akina mama arobaini na wawili, Walutheri kwa Wakatoliki, pamoja na wanaume watatu wanaostahimili kuongozwa. Kikundi kina gari moja, Land Cruiser kuukuu ya dizeli, linalowashusha wajawazito kutoka milima ya Muleba na kuwafikisha hospitali mjini Bukoba. Mwezi Aprili gari hilo lilivuka mto uliofurika, injini ikavuta maji badala ya hewa, ikafa. Imefunguliwa, imefungwa, imefufuka. Lakini tundu lake la kuvutia hewa bado liko pale pale chini, na sanduku la chujio limepasuka. Linahitaji bomba jipya, la juu, kabla vuli haijashika kasi.

Mafundi wanne wameitwa, na wote wanne wamesema neno moja: ng'oeni AC, bomba litapata njia.

Leo kikao kilitaka kuafiki. Mwalimu Rugaibula, katibu wetu, mstaafu mwenye sauti ya kuita mahudhurio, alisimama na mwavuli wake. "Bukoba hii tunalala na blanketi mbili. Mnataka baridi ya nini tena? AC ni anasa ya Dar es Salaam." Watu wakacheka.

Dada Esther, dereva wetu, hakucheka. Alieleza jinsi Septemba alivyoshuka mteremko wa Kamachumu: mvua nje, madirisha yamefungwa, watu watano ndani wanapumua, mmoja wao ana uchungu. Kioo kikaziba kwa ndani kama kimepakwa maziwa. Mkono mmoja usukani, mkono wa pili kitenge, anafuta. Tairi la mbele likaning'inia nje ya barabara. "AC ilikuwa haina gesi," alisema. "Ingekuwa nayo, ningeona. AC haipozi watu tu, Mwalimu. Inakausha hewa, kioo kinafunguka."

Hapo nikasimama. Enyi wenzangu, nilisimama! Nikasema haki ya mama kufika akiwa hai haigawanywi vipande viwili, kipande cha injini kupumua na kipande cha dereva kuona. Nikasema nitalitengeneza bomba hilo na AC itabaki mahali pake. Mama alinitazama kama anayetaka kunivuta sketi. Wakanipa hadi tarehe mosi Desemba. Nikishindwa, AC inang'olewa.

Sikuwaambia kilichonisimamisha. Dada yangu Annastella anafundisha Kamachumu. Mimba yake ya kwanza ilitoka njiani, juu ya pikipiki, mwaka juzi. Hii ya sasa inatimia mwishoni mwa Desemba. Shule ikifungwa, atashuka na gari hili hili, kwenye mteremko ule ule.

Jumanne, 22 Oktoba.

Gereji ya Fundi Audax, Rwamishenye. Mzee mfupi, miwani imefungwa kwa waya.

"Wewe ndiye injinia wa mgomo?"

"Ndiye."

"Hapa kwangu utagoma saa ngapi? Nijue wakati wa kubandika chai."

Historia itamjibu.

Ijumaa, 25 Oktoba.

Mvua. Nimepima kila pembe chini ya boneti. Adui ni mipira miwili inayopitisha gesi ya AC, na betri.

Jumanne, 29 Oktoba.

Mchoro umekamilika kwenye kompyuta. Bomba la inchi tatu linapanda kutoka kwenye injini, linapita juu ya mipira ya AC kwa nafasi ya upana wa kidole, linapinda mbele ya betri na kutoa mdomo wake juu kabisa, nyuma ya grili, kando ya taa ya kulia, mahali penye hewa baridi na palipo mbali na maji. Nililigeuza kwenye kioo cha kompyuta mara ishirini. Hakuna linapogusa. Nilimwonyesha Fundi. Akatazama kwa adabu kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Jumamosi, 2 Novemba.

Leo nimeaibika, na ninaandika aibu hiyo kwa ukamilifu, kwa maana mapambano yanayoficha makosa yake ni maigizo.

Bomba lilikatwa na kuchomelewa kama nilivyochora. Tulilifunga kabla ya adhuhuri. Liliingia! Nilipiga kelele hadi wauza nyanya wa ng'ambo wakageuka. Nikamwambia Dada Esther awashe.

Injini ilipowaka ilijitikisa upande, mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Bomba likaenda nayo. Likaugonga mpira wa AC dhidi ya betri, likaukwangua. Esther akazima. Milimita chache zaidi na tungemaliza sisi wenyewe kazi ya Mwalimu Rugaibula.

Mchoro wangu ulikuwa wa injini iliyolala. Miaka mitatu ya uhandisi, na sikukumbuka kwamba injini hucheza kwenye raba zake!

Fundi Audax alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Twende tukale," alisema. Ningependa zaidi angenicheka.

Jumatatu, 4 Novemba.

Wenzangu, sikilizeni jambo hili kwa makini, halimo katika kitabu chochote nilichofundishiwa.

Nilipofika gereji, Fundi alikuwa nyuma ya kibanda na panga, anaangusha mgomba uliokwisha kutoa mkungu. Aliubandua maganda mpaka ukabaki na unene wa bomba letu. Akaukatakata vipande vya urefu wa kiganja, ncha zake mshazari. Kisha akatwaa spoku za baiskeli, akaviunga vipande hivyo kimoja kwa kingine, vikawa nyoka mweupe anayetoa maji.

"Unafanya nini, Fundi?"

"Nachora."

Akamlaza yule nyoka chini ya boneti, juu ya mipira ya AC. Alipotaka kona iwe kali zaidi, alizungusha kipande kwenye spoku. Nusu saa, njia yote ikawa imepatikana. Akafunga boneti kwa kishindo. "Washa!" Esther akawasha, akakanyaga mafuta, injini ikajitikisa, akazima.

"Sasa tuuone," nikasema, mkono kwenye boneti.

"Mpola, polepole, mwana wange. Utomvu haujasema. Njoo kesho."

Jumanne, 5 Novemba.

Utomvu umesema!

Ninyi mliozaliwa migombani mnajua: jeraha la mgomba jana ni jeupe, leo ni jeusi. Tulifungua boneti, na juu ya kila kipande palikuwa pameandikwa kwa rangi ya kahawia. Hapa boneti imebonyeza. Hapa betri imegusa. Hapa, mstari mrefu, injini imekwaruza ikijitikisa. Fundi alipitisha kidole kwenye mstari ule. "Karatasi hukubali kila unachoiambia. Mgomba unakataa. Mtu anayekukataa, huyo ndiye wa kufanya naye kazi."

Nilimtazama mzee huyu kwa macho mapya. Nimepigania miaka mitatu sauti za wasiosikilizwa, na wiki mbili nilifanya kazi kando ya sauti moja nikiwa nimeziba masikio.

Nikapima majeraha yote. Kila kipande cha mgomba kinatupa kipande cha bomba la chuma: tisa kwa jumla. Pale penye mstari mrefu, bomba litakatwa na kuungwa kwa mpira laini, ili injini icheze peke yake bila kuliburuta.

Jumapili, 10 Novemba.

Kanisani na mikono yenye madoa ya utomvu hadi kwenye kucha. Mama alinipa glavu. Nilikataa.

Jumatano, 13 Novemba.

Vipande tisa, mishono minane, viungo viwili vya mpira. Fundi wa friji amejaza gesi ya AC. Injini ikawaka, ikajitikisa, na bomba likatulia tuli! Kidole changu kilipita kati yake na mpira wa AC bila kugusa huku wala kule. Ndani ya gari kukawa baridi hadi Dada Esther akaomba kanga. Nilimkumbatia Fundi Audax. Akasema, "Taratibu waitu, mwenzetu, nina mke."

Jumamosi, 16 Novemba.

Tumelijaribu hadi Muhutwe na kurudi. Kilima kirefu, AC imewashwa, gia ya tatu! "Zamani hapa nilikuwa nashuka gia ya kwanza na kuomba," alisema Esther. Ushindi, wenzangu, ushindi kabla ya siku ya mwisho!

Jumanne, 19 Novemba.

Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wameanza. Mji mzima unatazama juu. Annastella amepiga simu kutoka Kamachumu: hataki nguo za mtoto, hataki dawa, anataka senene wa kukaanga, kikombe kimoja tu. Nikamkumbusha kwamba bibi zetu waliwakusanya senene na waume wakala peke yao. "Basi nitakula fungu la bibi zetu wote," akasema.

Jumamosi, 23 Novemba.

Nimesalitiwa!

Senene walishuka jioni ya leo kama neema. Kikundi kilikuwa kimesimamisha mtego kwenye uwanja wa kanisa: mabati yaliyosimama, mapipa chini yake, taa kubwa juu. Saa moja na robo umeme ukakatika. Umati ukalia. Hapo Mwalimu Rugaibula, kwa sauti ile ya mahudhurio: "Gari la kikundi liko wapi?"

Wakalileta mbele ya mabati. Taa zikawashwa kamili, injini ikaachwa inanguruma ili betri isiishe. Mimi nilikuwa nyumbani nikiosha vyombo. Nilisikia vigelegele, nikafurahi. Senene walikuwa wanapiga bati kama mchanga. Kisha nikasikia injini inakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Nilikimbia na sabuni mikononi.

Wenzangu, bomba langu lilikuwa limejaa senene! Mdomo uliokuwa kando ya taa ulikuwa umewavuta kwa maelfu. Fundi Audax alifungua sanduku la chujio na wakamwagika miguuni pake, kijani na kahawia, wengine wanatembea. Chujio lilikuwa limeshonwa kama mkeka. Debe zima! Debe moja na nusu!

"Kumbe bomba lenyewe hutega vizuri kuliko mabati," mtu mmoja akasema gizani. Kicheko.

Mwalimu Rugaibula alielekeza mwavuli kwenye injini. "Mashine ya mwanafunzi imekufa. Tarehe mosi iko pale pale."

Nilimjibu. Sitaandika nilivyomjibu. Nilisema maneno kama *hujuma*, kama *ukale*, kama *mikono inayowazika akina mama*. Nilikuwa na umati, nilikuwa na giza, nilikuwa na sauti. Mama alinishika bega. "Kemilembe. Unamwambia nani hayo? Mwalimu alikufundisha kusoma."

Kisha akainama, akaanza kuwaokota senene mmoja mmoja kutoka kwenye chujio na kuwatia kwenye ungo. "Senene hawatupwi," alisema, na wanawake wote wakainama naye. Nikabaki nimesimama peke yangu.

Jumapili, 24 Novemba.

Sikulala vizuri. Hasira ni mwenge, lakini asubuhi huonyesha ulichokanyaga.

Nani aliuweka mdomo wa bomba kando ya taa? Mimi. Nani aliuacha wazi bila wavu? Mimi. Nani, mzaliwa wa Kitendaguro, aliyekula senene kabla hajaota meno yote, alichora tundu lenye kuvuta hewa pembeni ya taa, mwezi wa Novemba, Bukoba? Mimi! Fundi wa nchi nyingine angesamehewa. Aliyelelewa hapa hana utetezi. Na Fundi Audax naye, nilipomuuliza mbona hakuliona hilo, alijikuna kichwa. "Mimi gari nalitengeneza mchana, mwana wange. Mchana senene wamelala."

Baada ya ibada nilimfuata Mwalimu Rugaibula mbele ya watu wote. Kwa kuwa nilimtukana hadharani, niliomba radhi hadharani. Alisikiliza hadi mwisho. "Sentensi zako zimenyooka," alisema. "Ila unapumua vibaya. Unasema kabla hujavuta hewa." Akaenda zake.

Senene wale waliokaangwa walinuka dizeli kidogo. Wameliwa wote.

Jumatatu, 25 Novemba.

Injini ni nzima. Chujio lilikufa likiilinda.

Jumanne, 26 Novemba.

Amekuja gereji! Mwalimu Rugaibula mwenyewe, kwa miguu, mvua inanyesha, kabeba kitu kimekunjwa kwapani. Akakikunjua mezani: kipande cha wavu wa waya, ule wa chaga za kuanikia kahawa.

"Kahawa inakaa juu, hewa inapita chini, mdudu haingii," alisema. "Nilikata kwenye chaga yangu. Mke wangu bado hajaona."

Nilimuuliza, "Mwalimu, wewe si unataka AC ing'olewe?"

"Nataka. Lakini senene wale walikuwa mtego wangu, si wako. Sipendi kushinda kwa njia hiyo."

Fundi Audax akanong'ona, "Andika hiyo kwenye daftari lako."

Nimeandika.

Tumeamua. Wavu peke yake hautoshi. Mbele ya taa, senene wangeuziba kwa dakika tano. Mdomo unahamia nyuma, juu, chini ya kioo cha mbele, mahali pasipofikiwa na mwanga wala maji. Tutaupanua mara tatu ya bomba, ili waya usiinyime injini hewa, na chini yake tutatoboa tundu la kutolea mvua. Maana yake vipande vipya vitano, vyote vikipita tena juu ya mipira ya AC. Siku nne zimebaki. Mwalimu akauliza, "Mgomba mnao?" Fundi hana tena uliokwisha kuzaa. Mwalimu akafungua mwavuli. "Nifuateni."

Tulikata mgomba wa adui!

Alhamisi, 28 Novemba.

Utomvu umesema. Majeraha mawili tu.

Jumamosi, 30 Novemba.

Gari limewaka. Limejitikisa. Bomba halikugusa. Jioni tukalipeleka mbele ya mtego makusudi, taa kamili, injini inanguruma kwa saa nzima. Senene walijaa kwenye taa, kwenye paa, kwenye nywele zangu. Kwenye wavu wa kahawa walikuwa sita. Niliwahesabu kwa sauti kama kura!

Jumapili, 1 Desemba.

Kikao. Mwalimu Rugaibula alikiri kuwa bomba na AC vinaishi pamoja chini ya boneti moja. Lakini akaongeza: kukaa pamoja hakujathibitisha faida. Gesi ile itavuja, kompresa ile itaharibika, na kila kitu kinachoharibika huharibika barabarani. Anataka kuona kwa macho yake, ndani ya gari, Kamachumu, kwenye mvua. Gari litakapomfuata Annastella tarehe kumi na tano, Mwalimu naye atakuwemo. Uamuzi baada ya hapo.

Ni hoja ya haki. Nilinyoosha mkono kuiunga mkono. Mama alidhani naumwa.

Ijumaa, 6 Desemba.

Shule zimefungwa. Annastella anasahihisha mitihani, anasema atashuka tarehe kumi na tano kama ilivyopangwa.

Alhamisi, 12 Desemba. Hospitali, jioni.

Ninaandika kwenye benchi.

Saa sita mchana shemeji yangu Datius alipiga simu: uchungu umeanza, siku nyingi kabla ya wakati. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Saa sita na nusu tulikuwa barabarani, Esther kwenye usukani, mimi kando yake, na nyuma Mwalimu Rugaibula. Nilikuwa nimesema hakuna nafasi ya mtazamaji. Esther akasema, "Apande. Akisukuma, atasukuma."

Njia ya kwenda kwa Annastella inavuka kijito. Daraja lake dogo lilikuwa limefunikwa. Esther alisimama, akashuka, akaingia majini na fimbo, akarudi kiuno kimelowa. "Daraja lipo. Maji yatafika kwenye taa."

Nyuma yetu Mwalimu alisema, taratibu, "Ni mimi."

"Ni wewe nini, Mwalimu?"

"Aprili. Esther alitaka kusubiri mto upungue. Ni mimi niliyemwambia avuke. Tangu siku hiyo nataka gari lenye vitu vichache vya kufa."

Nilikuwa nimemwita ukale. Alikuwa mtu mzima anayebeba injini moja moyoni kwa miezi minane.

Esther alitia gia ya kwanza. Maji yakapanda, yakafunika bampa, yakalamba taa. Mahali lilipokuwa tundu la zamani palikuwa chini ya maji kabisa. Nilisikia injini inavuta hewa juu, mbele ya magoti yangu, kupitia wavu wa kahawa, kwa sauti ndefu ya mtu anayekunywa uji wa moto. Haikukohoa. Tukatoka ng'ambo. Mwalimu alikuwa amefumba macho. "Tumevuka?" aliuliza. "Tumevuka," nikasema.

Kurudi tulivuka tena kijito, sasa tukiwa watano: Annastella amelala ubavu, Datius amemshika kichwa. Mteremko wa Kamachumu ulikuwa umezama kwenye ukungu. AC ilikuwa inafanya kazi, kioo ni safi. Lakini Annastella alikuwa analowa jasho na kutetemeka, meno yakigongana.

"Zima hiyo, dereva," akasema Mwalimu. "Mtoto wa watu anaganda." Hakusema kwa ubishi. Alikuwa tayari amemvisha koti lake.

Esther akazima.

Wenzangu, kona mbili! Kona mbili tu, na kioo kikawa cheupe. Tulikuwa watano tunaopumua ndani ya kopo. Nilifuta kwa mkono, kikaziba nyuma ya mkono wangu. Esther aliinama hadi paji la uso likagusa kioo. "Kemi. Sioni."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mhandisi. Niliwasha AC, kisha nikageuza kitufe cha hita hadi mwisho.

"Baridi na moto kwa pamoja?" Mwalimu akashangaa.

"AC inakausha hewa, Mwalimu. Hita inaipasha baada ya kukauka."

Upepo mkavu, wenye joto, ukapanda. Chini ya kioo ukafunguka mwezi mwembamba. Ukapanuka. Ukawa kiganja, ukawa sinia. Na ndani ya sinia hilo, mbele yetu, hatua thelathini, palikuwa na lori la ndizi limekwama limeziba barabara, bila taa, bila hata tawi la kuonya.

Esther alikanyaga breki. Gari likateleza, likanyooka, likasimama. Ningeweza kuchuma ndizi kwenye mkungu wa mwisho.

Mvua. Kisha Annastella, kutoka nyuma, kwa pumzi fupi: "Sasa kuna joto zuri. Mbona mmesimama?"

Mwalimu Rugaibula ndiye aliyeshuka. Akafungua mwavuli wake katikati ya barabara ya Kamachumu na, kwa sauti ya mahudhurio, akawatoa utingo wawili na dereva wao chini ya turubai. Wakasukuma. Naye alisukuma. Lori likasogea upana wa gari letu na upana wa kidole.

Tulifika hospitali saa kumi na robo. Sasa ni saa moja.

Ijumaa, 13 Desemba.

Msichana! Kilo mbili na nusu. Alilia kabla hajaguswa. Annastella mzima. Ameuliza kikombe chake cha senene kiko wapi, nami nimempa.

Mwalimu Rugaibula alifika asubuhi kufuata koti. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "AC bado ni anasa," aliniambia mlangoni. "Lakini ni anasa inayoona njia. Nitaunga mkono. Na uandike kwamba kompresa ikaguliwe kila mwezi."

"Utasoma wewe hoja hiyo, Mwalimu."

"Tutasoma wote. Wewe sauti, mimi pumzi."

Jumamosi, 14 Desemba. Kitendaguro.

Kikundi cha Muleba kimepiga simu. Kina gari la aina ile ile, lenye tundu chini kama letu la zamani, na fundi wao amekwisha kushika spana kung'oa AC. Fundi Audax alichukua simu mkononi mwangu. "Mwambieni aiweke chini hiyo spana. Tunakuja kuwachoreeni."

Kwa hiyo sikieni, wenzangu wa Kitendaguro, wa Kibeta na wa Muleba, na msiosikia mwambiwe: tunakutana Jumamosi, tarehe 21 Desemba, saa nne kamili asubuhi, gereji ya Fundi Audax, Rwamishenye. Hoja ya kwanza, ile ya kubakiza AC, itasomwa na Mwalimu Rugaibula. Gari la Muleba litakuwa limefika, boneti wazi. Mtoto atakuwepo. Kila mmoja aje na panga lake, na wenye migomba iliyokwisha kutoa mkungu wasiiangushe hadi siku hiyo. Tunaihitaji mibichi, ikiwa na utomvu wake wote.